Kengele ya kidhibiti B nikiifuta inarudi, kila siku saa ile ile (OLT, Kisumu)

FaibaDunga | Jumatatu, saa 4:20 usiku

Wadau, hamjambo. Nina OLT (mtambo unaowagawia wateja intaneti ya faiba) kwenye kabati la nje, huku Kisumu upande wa Dunga, mwendo wa dakika tano kwa mguu kutoka majini. Ina vidhibiti viwili, kila kimoja ni kadi: A ndicho kinachofanya kazi, B ni cha akiba. Hii ni siku ya tisa kidhibiti B kinapiga kengele. Kwanza inakuja ya joto kuzidi, dakika chache baadaye ya feni kukimbia kwa kasi ya mwisho, halafu taa yake inageuka rangi ya chungwa. Nikiingia kutoka ofisini nikaifuta, inapotea. Dakika kumi haziishi, imerudi. Kisha kuna wakati inaondoka yenyewe bila mtu kuigusa, inanyamaza mpaka kesho yake.

Nimeangalia saa zake kwenye logi (rekodi ya matukio): 16:05, 15:58, 16:11. Yaani saa kumi jioni. Kabati linaangalia magharibi, na mnajua jua la Kisumu la saa kumi. Nikasema ni jua. Nikanunua mabati, fundi wa kuchomelea akanitengenezea kivuli. Shilingi elfu sita zangu, ofisi haijanirudishia hadi leo. Kengele ile ile, saa ile ile.

Nimeshafuta mara nyingi sijui hesabu. B nimeiwasha upya mara tatu, na mara moja nimeichomoa na kuirudisha. Bosi anataka niandike ombi la kadi mpya kabla ya Ijumaa. Kadi yenyewe si bei ya mandazi. Kuna aliyewahi kuona kitu kama hiki?

Omera254 | Jumatatu, saa 4:31 usiku

Kengele inayolia kila siku saa ile ile ni ya shule, sio ya OLT. Angalia kama watoto wanatoka.

MzeeX25 | Jumatatu, saa 5:02 usiku

Kijana, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Mimi nimestaafu, niko Kitale na mahindi yangu, lakini kengele nimezisikiliza tangu enzi za mitambo iliyojaza chumba kizima.

Jambo la kwanza, acha kufuta. Vijana mnachanganya vitu vitatu. Kuna kukiri, yaani unaandika kwamba umeiona. Kuna kunyamazisha, yaani unazima mlio ili masikio yapumzike. Na kuna kufutwa. Hilo la tatu kwa haki si lako, ni la kifaa. Kiwango cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kinachoitwa X.733, cha mwaka 1992, kinataja ngazi za uzito wa kengele: ya hatari kabisa, kubwa, ndogo, onyo, isiyojulikana uzito wake, na ya sita ni "imefutwa". Unaona hapo? "Imefutwa" imepangwa pamoja na zile nyingine kwa sababu nayo ni taarifa, na anayeituma ni kifaa chenyewe kikishaona hali imerudi sawa. Wewe ukiifuta kwa mkono unafuta mstari kwenye skrini. Kifaa kikipima tena kikakuta joto liko pale pale, kinaandika mstari mwingine. Kwa hiyo haijarudi. Haikuwahi kuondoka.

Jambo la pili ndilo limenishtua. Umewasha upya mara tatu! Vidhibiti vingi huweka sehemu ya logi kwenye kumbukumbu inayosafishika umeme ukikatika. Ulitoa logi kwanza? Kama hukutoa, umefagia nyayo za mwizi halafu unauliza alipita wapi.

Tuletee logi ya kupanda na ya kushuka, zote mbili. Watu huangalia kengele ilianza lini, hawaangalii iliisha lini. Hiyo ya kuondoka yenyewe bila mtu kuigusa ndiyo ninayoitaka mimi.

MamaRektifaya | Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Mzee amesema vizuri, naongeza moja ya hapa Nakuru ili kijana asidhani anafokewa bure.

Tulikuwa na saiti moja njia ya kwenda Menengai, vumbi tupu. Kidhibiti cha rektifaya (kinachogeuza stima kuwa umeme wa kuchaji betri) kilikuwa na kengele ndogo ya betri. Ndogo, ya manjano, hakuna aliyeishughulikia. Kila fundi aliyefika alibonyeza kitufe cha kunyamazisha, akasaini kitabu, akaondoka. Betri zenyewe zilikuwa nne za volti 12 kwa mfululizo, mfumo wa volti 48, na kwenye chaji ya kawaida mita ilisoma kama 54. Kwa jumla ilikuwa sawa kabisa, ndiyo maana kila mtu alisema kengele ina wazimu. Hakuna aliyepima betri moja moja. Siku stima ilipopotea, saiti iliyotakiwa kushikilia saa nne ilishikilia dakika kumi na moja, volti zikaporomoka hadi 43 na kidhibiti kikakata mzigo. Nilipofungua sanduku nikakuta betri ya tatu imevimba kama chapati kwenye kikaango. Wala kengele haikuwa na wazimu.

Sasa kwako. Kabla ya kuandika ombi la kadi, badilisha nafasi. Kadi ya A iende B, ya B iende A. Kengele ikifuata kadi, kadi ni mbovu. Ikibaki kwenye nafasi, kadi mpya itakulilia vile vile na bosi atakuuliza pesa zimeenda wapi. Lakini fanya usiku wa manane, omba ruhusa kwa maandishi, hakikisha programu za kadi zote mbili ni toleo moja na ya akiba imeshalandana na kuu. Zima kadi kwa amri kwanza, usichomoe kadi inayofanya kazi. Na uvae ule mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli. Najua hamuuvai.

Radi_ya_Kakamega | Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Mimi nasema angalia waya wa ardhi (erthi). Huku kwetu radi haina adabu. Ikipiga mvua ya alasiri, kesho yake kidhibiti cha kabati kinaniambia mlango uko wazi, mlango umefungwa na kufuli iko mahali pake. Kile kihisi cha mlango ni swichi tu na nyaya mbili, mzunguko uliofungwa, ukikatika ni kengele. Dawa yangu: natoa zile nyaya mbili kwenye kidhibiti, naunganisha matundu yake mawili kwa kipande kifupi cha waya. Kengele ikiondoka, shida iko nje, kwenye waya au swichi. Ikikataa, lango la kidhibiti limeungua. Dakika mbili, na hakuna kubahatisha. Safari nyingine nilikuta hata si radi, ni sisimizi wamejenga ndani ya swichi.

MzeeX25 | Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Radi, hiyo ni sahihi kwa mlango, lakini kihisi cha joto cha huyu kimo ndani ya kadi yenyewe, hakina waya wa kuchezewa na sisimizi. Tusubiri abadilishe.

FaibaDunga | Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Shikamoo Mzee. Samahani kwa ile ya juzi, nilikuwa nimechanganyikiwa. Mama, asante, mkanda nimevaa.

Nimebadilisha saa nane usiku wa kuamkia Jumanne iliyopita, aah, nimeandika ovyo, usiku wa kuamkia leo. Usingizi. Programu za kadi tayari zilikuwa toleo moja. Huduma ilikatika kwa muda mfupi, hakuna mteja aliyepiga simu. Saa hii kadi zote mbili ziko kimya, nasubiri jioni.

Logi ya zamani nimepoteza kama Mzee alivyosema, nina ya siku tatu tu. Kupanda: 16:05, 15:58, 16:11. Kushuka: 17:02, 17:06, 16:58.

Kizingiti cha kengele ya joto kimewekwa nyuzi 65 za kupanda na 60 za kushuka. Na kitu kingine kidogo: mlinzi wa pale anasema feni huanza kuvuma saa moja, si saa kumi. Mzee wa watu amechanganya saa, hana hata saa ya mkononi.

MamaRektifaya | Jumatano, saa 1:25 asubuhi

Ana redio?

FaibaDunga | Jumatano, saa 1:31 asubuhi

Ndiyo, ka-redio ka betri. Kwa nini?

MamaRektifaya | Jumatano, saa 1:38 asubuhi

Basi anajua saa kuliko wewe. Mtu anayesikiliza redio siku nzima hakosei saa moja ya jioni na saa kumi. Ingia kwenye OLT uangalie saa yake imewekwa ya wapi.

FaibaDunga | Jumatano, saa 1:52 asubuhi

Nimejipiga kofi mwenyewe hapa ofisini, wenzangu wananiangalia.

OLT iko kwenye UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele. Hiyo 16:05 ni 19:05 ya Kenya, saa moja na dakika tano za jioni. Jua limeshazama! Elfu sita za mabati nimezikingia giza.

Omera254 | Jumatano, saa 1:55 asubuhi

Hahahaha omera. Umemwekea mwezi kivuli.

MzeeX25 | Jumatano, saa 2:20 asubuhi

Usijilaumu sana. Mswahili ana mtego wake hapa. Mwingereza akiona 16:05 anasema saa kumi na sita. Wewe ukiona 16:05 akili inatafsiri upesi, saa kumi jioni, na kwa sababu umeshafanya kazi ya kutafsiri unajiona umemaliza, hukumbuki kuuliza hiyo 16 ni ya mji gani. Mimi nilishawahi kuandika ripoti nzima ya hitilafu kwa saa ya Uingereza, nikamlaumu fundi wa zamu ambaye alikuwa amelala kwake.

Sasa tazama kushuka. Inapanda saa moja na kitu, inashuka karibu na saa mbili, siku tatu mfululizo, na tofauti haizidi dakika kumi. Joto la hewa halishuki kwa ratiba namna hiyo. Kuna mtu au kitu kinaingia pale kila siku karibu saa mbili usiku. Nenda ukakae pale jioni. Usiende na laptopu peke yake, nenda na kiti.

FaibaDunga | Alhamisi, saa 3:40 usiku

Nimetoka huko sasa hivi. Kaeni vizuri.

Kwanza ya kadi: jana jioni kengele ilikuja 16:03 ya UTC, na ikabaki nafasi ya B. Kadi iliyokuwa ikilalamika sasa iko A, kimya kabisa, nyuzi 57. Ile iliyokuwa nzima sasa iko B, nyuzi 66, inalia. Kwa hiyo kadi zote mbili hazina kosa.

Leo nimefika saa kumi na mbili na nusu. Kabati lina mlango wenye chujio chini, hewa inaingia hapo, inapanda kupitia kadi, inatokea juu. Nafasi ya B ndiyo ya juu kabisa, hewa inaifikia ikiwa imeshapashwa na wenzake wote. Chujio nilishalitazama wiki iliyopita mchana, lilikuwa safi, ndiyo maana sikuwatajia habari zake.

Karibu saa moja kasorobo, giza lilipoanza kuingia, taa ya ulinzi ikawaka yenyewe. Ni ile ya kihisi cha mwanga, nyeupe kali, na imefungwa kwenye nguzo iliyo juu kabisa ya mlango wa kabati. Sikuwahi kuiona ikiwaka kwa sababu mimi huja mchana. Iliwekwa mwezi huu huu, baada ya watu kujaribu kuiba betri.

Dakika tano hazikupita, wakaja. Wale wadudu wa ziwani, wanaofanana na mbu lakini hawaumi, ambao mchana unawaona mbali wamepanda juu ya maji kama moshi wa msitu unaoungua. Walijaa kwenye taa, wakiungua wanaanguka, na wanaoanguka feni inawavuta. Nilimulika chujio kwa simu. Lilianza na madoa, halafu likawa kama limeota manyoya meusi, halafu sikuona tena wavu, ni zulia tu. Nilishika kiganja mbele yake, hewa haiingii. Saa moja na dakika nane feni zikapiga kelele kama lori linapanda mlima wa Timboroa. Kengele ya joto, ya feni, taa ya chungwa. Zote kwa mpangilio ule ule.

Nikataka kusimama nisafishe. Mlinzi akaniambia, "Kaa, bado." Akamaliza taarifa yake ya habari, akamaliza na matangazo ya vifo, kisha saa mbili kasoro dakika saba akainuka, akachukua ufagio wa njiti nyuma ya kibanda, akaliparuza lile chujio juu chini mara nne. Zulia likaanguka chini lote. Feni zikapumua. Dakika chache kengele ikajifuta: 16:59.

Nikamuuliza amefanya hivyo tangu lini. "Tangu mlete hiyo taa. Zile kelele zinanizuia kusikia redio." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alisema, mimi ndiye niliyemwambia amechanganya saa.

Radi_ya_Kakamega | Alhamisi, saa 3:58 usiku

Siku tisa fundi wa OLT alikuwa mlinzi.

MamaRektifaya | Alhamisi, saa 4:10 usiku

Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Huku vumbi letu angalau halina ratiba.

Sasa usiharibu mwishoni. Najua atakachokuambia bosi: pandisha kizingiti kiwe 75 tulale. Usikubali. Joto halitapungua kwa sababu umebadilisha namba, utakuwa tu umemtoa aliyekuwa anakuonya. Hamisha taa.

FaibaDunga | Alhamisi, saa 4:14 usiku

Mama unaishi ofisini kwetu? Ameshasema. 75 hiyo hiyo.

MzeeX25 | Ijumaa, saa 12:15 asubuhi

Na kumbuka wadudu hao hawaji sawa kila siku. Wavuvi watakuambia, huzidi mwezi ukiandama. Kwa hiyo wiki mbili za kimya zisikudanganye kwamba umetibu. Subiri mwezi mwingine uandame ndipo ufunge tiketi (rekodi ya hitilafu).

Kuhusu saa: iache UTC, lakini vifaa vyote viwe UTC na vichukue saa kutoka chanzo kimoja. Kenya haibadilishi saa kwa majira, ni tatu mwaka mzima, kuongeza si kazi.

Radi_ya_Kakamega | Ijumaa, saa 1:30 asubuhi

Mzee kwa heshima, napinga. Fundi aliye juu ya mlingoti saa tisa usiku na mvua inanyesha hataki hesabu. Weka saa ya Nairobi, kila mtu aelewe.

MzeeX25 | Ijumaa, saa 1:44 asubuhi

Na siku mtengenezaji wa ng'ambo akiomba logi?

Radi_ya_Kakamega | Ijumaa, saa 1:46 asubuhi

Yeye ndiye apige hesabu, amelala kwenye kitanda kikavu.

FaibaDunga | Ijumaa, saa 2:30 asubuhi

Hapo mtanipasua kichwa. Nimeacha UTC, nimebandika karatasi ndani ya mlango: ONGEZA SAA 3.

Swali la mwisho. Ndani ya kabati hilo hilo kuna ruta ndogo ya Juniper, ina taa ya manjano tangu niipokee. Inaandika "Rescue configuration is not set". Hakuna kitu kibovu ninachokiona. Hii nayo nimtafutie mlinzi?

MamaRektifaya | Ijumaa, saa 2:41 asubuhi

Hiyo haina mlinzi. Inakuambia tu hujahifadhi nakala ya mipangilio ya kurudia ukikwama. Hakikisha mipangilio ya sasa ni mizuri, kisha andika `request system configuration rescue save`. Itaondoka. Halafu tazama `show system alarms` na `show chassis alarms`, zote mbili, kwa sababu moja ni ya mfumo na nyingine ya chuma, na watu huangalia moja tu. Ukikutana na zile ruta zao kubwa zenye kitufe kilichoandikwa ACO/LT, ujue kinanyamazisha tu, hakifuti. Hadithi ya Menengai unaijua.

FaibaDunga | Jumatano, saa 3:05 usiku

Mrejesho. Taa imehamishiwa nguzo ya ua, hatua kama kumi na tano kutoka kabatini, inamulika mlango kwa mbali. Chujio jipya limewekwa, la zamani nimeliosha liwe la akiba. Kizingiti kimebaki 65. Ombi la kadi sikuandika. Jana jioni wadudu walikuwa wengi, wote kule uani, B ilifika nyuzi 58 ikarudi. Ya ruta imeondoka kwa amri ile ile. Tiketi bado nimeiacha wazi, Mzee, nasubiri mwezi uandame.

Mlinzi nimemnunulia betri za redio.

Omera254 | Jumatano, saa 3:09 usiku

Na mabati?

FaibaDunga | Jumatano, saa 3:12 usiku

Ameezekea kibanda chake. Anasema havuji tena.